Karatasi Nyeupe Sitini

Usiku wa jana niliota mama zangu wako mia mbili na arobaini, wamekaa kwenye mabenchi, na ni mmoja tu atakayeruhusiwa kutoka asubuhi. Sikuwa na homa. Sikuwa nimekula kitu kizito. Nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi wenyewe nilijitafutia.

Kisa ni simu ya jioni. Mama anauza maharage sokoni kwetu nyumbani, safari ya saa sita kwa basi kutoka hapa chuoni. Soko la zamani limevunjwa. Soko jipya lina vizimba mia na themanini, na wafanyabiashara waliojiandikisha ni mia mbili na arobaini. Kwa hiyo leo asubuhi walipangiwa kuchota karatasi kwenye ndoo, mmoja mmoja kwa namba ya foleni. Ukichota yenye namba, umepata kizimba. Ukichota nyeupe, utajua mwenyewe pa kwenda. Nyeupe ni sitini. Mama ameuza maharage miaka kumi na tisa, hana kazi nyingine anayoijua, na ni maharage hayo yaliyonileta mimi kusoma biashara.

Yeye aliwahi kujiandikisha mapema, akapata namba nne ya foleni. Jirani yake wa miaka yote, Mama Ambwene wa karanga, alikuwa amelazwa wakati huo, akaambulia namba ya mwisho kabisa. Jana ndiyo aliruhusiwa kutoka hospitali.

"Hawezi kusimama asubuhi nzima," mama aliniambia. "Nataka nimpishe kwenye namba nne, mimi nichukue yake. Sasa wewe ndiye unayesoma. Nikiwa wa mwisho si nitakuta nyeupe tupu?"

"Hapana, mama. Nafasi yako ni ile ile, robo tatu. Mbele, nyuma, katikati, popote."

"Una hakika, Tusekile?"

Mama akitaja jina langu lote ujue hatanii. Nikamwambia nina hakika.

"Haya. Fuata nyuki ule asali. Nimekufuata."

Akakata simu. Mimi nikalala chali nikiangalia dari, na dari haikuwa na cha kuniambia. Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi.

Ndotoni ni mchana, jua kali. Nimesimama kwenye geti la chuo, ila ndani si chuo, ni soko. Mlinzi wa geti ni sarafu ya shilingi mia mbili, mkubwa kama tairi la trekta, amevaa kofia ya mgambo.

"Kitambulisho," anasema.

Ninampa. Anakisoma upande mmoja, kisha badala ya kukigeuza kitambulisho anajigeuza yeye.

"Pita."

Ninapiga hatua moja.

"Kitambulisho," anasema.

"Nimekupa sasa hivi."

"Sikumbuki. Sisi sarafu, ya nyuma hatuyakumbuki. Ndiyo sababu tumeajiriwa."

Ninampa mara saba. Mara nne ananiruhusu na mara tatu ananikataa, na sioni sababu ya kuruhusiwa wala ya kukataliwa. Baba mmoja nyuma yangu, amebeba kuku wawili, ananinong'oneza nisikate tamaa: huyu mlinzi amemkataa yeye mara tano mfululizo, kwa hiyo safari hii ni lazima amkubali.

Sarafu anamsikia. "Lazima imetoka wapi?" anauliza, kwa adabu kabisa, na anamkataa mara ya sita.

Ninageuka kumpa pole yule baba, na geti halipo tena. Nipo ofisini, nimeketi mbele ya meza, na ng'ambo ya meza kuna mtu anayejiita Bwana Wastani. Si mrefu, si mfupi. Si kijana, si mzee. Amevaa viatu namba arobaini nukta tatu, na vinamkaa vizuri.

"Shauri la mama yako tumelimaliza," anasema. "Vizimba mia na themanini, watu mia mbili na arobaini. Kila mtu apate robo tatu ya kizimba. Hakuna atakayelalamika."

Ananionyesha dirishani. Kweli, mama yupo kwenye kizimba chake, robo tatu yake ndani na bega la kushoto nje. Mvua inalinyea bega hilo tu. Amepanga magunia manne, matatu makavu na moja limeanza kuota majani. Mteja anaagiza kilo, anapewa robo tatu, naye anashukuru na kuondoka akiwa amekiacha kiatu kimoja.

"Mama, njoo ndani," ninamwita.

"Ndani pameisha," anajibu. "Lakini si haba."

Ninamgeukia Bwana Wastani. Sauti yangu inatoka ndogo kuliko nilivyoitaka. Ninamwambia kwamba kesho hakuna mtu atakayechota robo tatu ya karatasi. Mtu atachota kizimba kizima au atachota nyeupe.

"Ni kweli," anasema. Anaangalia mikono yake. "Mimi natajwa kila mahali, lakini sijawahi kumtokea mtu yeyote."

Namuonea huruma. Ananikaribisha chai, kikombe kimejaa robo tatu. Sinywi. Ninafungua mlango niondoke.

Mlango unatokea kwenye ukumbi wetu wa mitihani. Ule ukumbi naujua, hata feni yake moja isiyozunguka naijua. Lakini madawati yameondolewa na yamewekwa mabenchi, na kwenye mabenchi wamekaa mama zangu wote. Wote wamevaa kitenge kile cha zambarau anachovaa siku za shughuli. Kila mmoja ana mkoba wake wenye zipu iliyoharibika. Kila mmoja ameshika karatasi moja iliyofunuliwa.

Mia na themanini wako mbele, kila mmoja na namba yake ya kizimba. Wanapima kwa mikono magunia yatakaa wapi na mizani itakaa wapi. Hamsini hivi tayari wanapepeta maharage. Sitini wako mabenchi ya nyuma, karatasi zao nyeupe, na wao hawapimi kitu.

Kwenye meza ya msimamizi kuna ndoo, ile ya rangi ya lita ishirini yenye mfuniko.

"Keti," inasema Ndoo. Sauti yake inatoka chini sana, kama ya mtu anayeongea kutoka kisimani. "Hapa umeona matokeo yote. Nje ya ukumbi huu hakuna lingine. Asubuhi nitafungua mlango, atatoka mmoja."

"Na wengine?"

"Wengine hawakutokea."

Inasema hivyo kwa upole tu.

"Wanajuana?" ninauliza.

"Hata kidogo. Matokeo mawili hayakai pamoja. Kila mmoja anajiona yuko peke yake. Utakachomwambia huyu, yule hatakisikia mpaka mwisho wa dunia."

Na kweli, mama wa benchi la tatu anaweka mkoba wake juu ya mapaja ya mama wa pembeni yake, na wa pembeni anaendelea kupepeta kama hakuna kitu.

Ninakusanya nguvu. "Nilimwambia kusimama mwisho ni sawa na kusimama mbele. Nilimpoteza?"

"Hukumpoteza. Wa kwanza ana robo tatu, wa mwisho ana robo tatu. Katika hilo ulisema sawa."

Nusura nilie kwa furaha. Ndoo inasubiri nimalize.

"Ila mimi siyo yule sarafu wa getini," inasema. "Mimi karatasi ikishatoka siirudishi, na kila iliyotoka naikumbuka. Wa mwisho hachoti, anaokota iliyobaki. Na atakuwa amesimama asubuhi nzima akiangalia nyuso za waliotangulia, mmoja mmoja. Hilo ulimwambia?"

"Hapana."

"Halimo kitabuni?"

"Halimo."

"Na goti lake la kushoto linalomuuma?"

"Nalo halimo."

"Basi," inasema Ndoo, na inafunga mfuniko kidogo.

Ghafla nina kalamu mkononi. Sikuiomba, lakini sikuuliza imetoka wapi. Ninakwenda mabenchi ya nyuma, kwa mama wa kwanza mwenye karatasi nyeupe, ninaichukua karatasi yake na kuandika: Kizimba sabini na saba. Mama anaisoma. Anatabasamu, anaanza kupima magunia.

Nyuma ya ukuta mtu anakohoa. Kikohozi hicho nakijua tangu utotoni. Ni Mama Ambwene.

"Tuse, mwanangu," anasema kutoka ukutani, "hebu niangalizie. Hii karatasi yangu ilikuwa na namba sasa hivi. Au ni macho yangu?"

"Vizimba ni mia na themanini," inasema Ndoo kutoka mezani, wala haipandishi sauti. "Ukiandika moja, moja inafutika. Jumla haiongezeki kwa sababu unampenda mtu."

Ningependa kusema nilifuta papo hapo. Sikufuta. Nilisimama pale nikiwa na kalamu, nikasikiliza Mama Ambwene akikohoa, nikafikiria kwamba ana watoto watatu wenye kazi na mama yangu ana mimi tu. Nilifikiria hivyo kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kuandika hapa. Halafu nikalowesha kidole gumba kwa mate, nikafuta.

Mama wa kwanza anaacha kupima.

"Imerudi," inasema sauti ya ukutani. "Yalikuwa macho."

Nataka kuondoka kwenye mabenchi haya haraka. Lakini benchi la mwisho, pembeni kabisa, kuna mama mmoja amevua kiatu anasugua goti, na ananiita.

"Tuse. Umekula?"

Miongoni mwa wote mia mbili na arobaini, ni yeye peke yake aliyeniuliza hivyo. Ninakaa chini, sakafuni, karibu na mguu wake.

"Nimekula, mama."

"Nini?"

"Wali maharage."

"Maharage ya huko hayajui kuiva," anasema. Karatasi yake nyeupe ameikunja vizuri, ameiweka mapajani. "Uso wako una jambo."

Sasa hapa lazima nieleze nilivyofikiri, kwa sababu ni hesabu, na ndiyo hesabu pekee niliyoifanya kwa haraka maisha yangu yote. Kati ya mama hawa atatoka mmoja. Uwezekano kwamba atakuwa huyu mwenye kiatu mkononi ni mmoja kwa mia mbili na arobaini, yaani haufiki hata nusu ya asilimia moja. Nikimwambia huyu jambo, wenzake hawatalisikia, na yeye kesho hatakuwapo. Nikaona hakuna mahali salama zaidi pa kuweka siri.

"Mama," nikasema, "lile jaribio la uwezekano sikupata themanini na tatu. Nilipata thelathini na nane."

Hilo sikuwa nimemwambia binadamu. Karatasi yenyewe niliichanachana siku ile ile nikaitupa kwenye shimo la taka nyuma ya hosteli, na mama nilimgeuzia namba kwenye simu nikiwa bado ninanawa mikono.

Mama hashtuki. Anaendelea kusugua goti.

"Kwa hiyo jana nilipokuuliza ulikuwa hujui."

"Nilikuwa nadhani najua."

"Lakini hii ndoo inasema ulisema kweli."

"Inasema hivyo."

"Basi ulibahatisha."

"Nilibahatisha, mama."

Mbele huko mama mmoja ananing'iniza mizani, anarudi nyuma kuitazama kama imenyooka. Wa kwangu anavaa kiatu chake polepole.

"Mama Ambwene ningempisha hata hivyo," anasema. "Jana nilimkuta anatapika. Ulitaka nimwache asimame?"

"Sasa mbona ulinipigia?"

"Nilikuwa naogopa. Mtu akiogopa anampigia mtu wake."

Nikalaza kichwa kwenye goti lake lile lisilouma. Kitenge kinanuka vumbi la magunia. Nililia, na sioni aibu kusema, maana ilikuwa ndoto.

"Sasa na mimi nikuulize," anasema. "Ikitokea nimetoka mimi, utakuja?"

"Huwezi kutoka, mama. Wewe ni mmoja kwa mia mbili na arobaini."

"Sijakuuliza hesabu, Tusekile."

Kabla sijajibu, Ndoo inagonga mfuniko wake mara tatu. Mama zangu wote wanasimama kwa pamoja, wanachukua mikoba, wanajipanga foleni wakipitana kama hawaonani. Vitenge vyote vya zambarau. Ninamtafuta wa kwangu na siwezi kumtofautisha tena, kwa kuwa wote sasa wamevaa viatu vyote viwili. Mlango unafunguka mwanya mdogo, wa kupita mtu mmoja. Mgongo mmoja unatoka. Sikuona mkononi ana karatasi gani.

Niliamka na jua limeshajaa chumbani. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Uchotaji ulianza saa moja. Niliruka kitandani nikampigia mama nikiwa nimesimama katikati ya chumba, mguu mmoja kwenye kandambili na mwingine sakafuni.

Alipokea upesi. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi.

"Mama, umeshachota?"

"Bado. Tumebaki tisini, na wa tisini ni mimi." Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu soko livunjwe. "Mama Ambwene amepata. Kizimba kizuri, karibu na bomba. Amenibusu hadi miwani yangu imedondoka."

"Goti je?"

"Goti lipo. Nisikilize wewe. Nimekuwa nahesabu. Nyeupe zimeshatoka hamsini na mbili. Hamsini na mbili, Tuse. Kwa hiyo ndani ya ndoo zimebaki nane tu, na sisi tuko tisini. Si ndivyo mnavyofanya huko chuo? Ikiwa zile zimetoka, basi unahesabu zilizobaki?"

"Ndivyo, mama."

"Basi nane kwa tisini. Mzee mmoja hapa anasema mwaka huu, wa mwisho ndiye wa kwanza. Nimeshamwambia kijana wa mkokoteni anisubiri na magunia."

Nikakaa kitandani. Nilihesabu naye kichwani na hesabu ilikuwa sahihi. Nane kwa tisini ni kitu kidogo. Nikaanza hata kucheka, nikamwambia namba zinampendelea, atulie tu.

"Nimetulia. Wewe ndiye utulie," alisema. "Na hiyo thelathini na nane yako isikutese. Utarudia hilo jaribio, kwani nini? Ila siku nyingine usinigeuzie namba kwenye simu."

Hilo nilikuwa nimemwambia mama mmoja tu, yule wa benchi la mwisho mwenye karatasi nyeupe.

"Tuse? Upo?"

"Mama, nani amekwambia?"

"Si wewe mwenyewe," alisema, na alishangaa kidogo, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Au ulinitumia meseji? Sijui. Mimi naijua tu. Ngoja, foleni inasogea."

Nilisikia anasogea. Nilisikia mtu akishangilia mbele huko, kizimba kingine kimetoka. Nilitafuta chini ya kitanda kiatu cha pili cha kandambili, sikukiona, nikavaa viatu vya kufunga bila soksi.

"Mama," nikasema, "ninakuja leo. Basi la saa tano ninaliwahi."

"Leo si una vipindi? Subiri nichote kwanza, tujue kama kuna sababu ya kuja."

Nikamwambia sababu ipo.